Sanduku la Kamera, kutoka Makobola hadi Nyakabere

Tangu nirudi, kila anayeniletea nguo ya kushona anakaa kwanza kwenye benchi na kuniuliza: Faida, lile sanduku la baba yako uliliuza wapi? Nimesimulia vipande vipande, pini zikiwa mdomoni, na kila mtu ameondoka na habari yake. Mmoja anasema nilitekwa. Mwingine anasema nimetajirika na ninajificha. Nimeona afadhali niandike yote jinsi yalivyotokea, kituo kwa kituo, na atakayetaka asome wakati ninampimia mwingine.

Baba yangu, wengi wenu mlimjua, alikuwa mpiga picha. Kabla simu hazijaanza kupiga picha, hapakuwa na harusi wala ubatizo wa maana kati ya Uvira na hapa kwetu ambao yeye hakufika na kamera yake. Alipofariki, kaka zangu waligawana kiwanja, mimi nikapewa sanduku la chuma. Ndani yake: kamera mbili za filimu, flashi, stendi ya miguu mitatu, mashine ya kukuzia picha yenye kioo kinene cha mviringo, na mabeseni ya kusafishia picha. Chumba changu ndicho karakana yangu, na sanduku lilikaa mahali ambapo ningeweka cherehani ya pili. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeanza kuotesha ukungu kwenye vioo. Nikaamua kuuza. Nilidhani ugumu wote utakuwa ni kumpata mnunuzi.

Makobola kwenda Uvira

Bahati, mwenye pikipiki, alilifunga sanduku nyuma kwa mipira. Stendi haikuingia ndani, basi niliizungushia kitenge na kuishika begani. Mvua zilikuwa zimekula kingo za barabara. Sehemu nyingine tulipita tukisukuma, maji ya ziwa yakiwa karibu kabisa na tairi.

Kwenye kizuizi, askari mmoja alitutazama tukikaribia na uso wake ukabadilika. Aliinua bunduki kabla hatujasimama.

"Mama, shuka. Hiyo iko nini kwa bega?"

"Iko miguu ya apareyi, chef."

"Apareyi gani?"

"Ya foto."

"Foto iko na miguu?"

Alimwambia Bahati aweke mikono kichwani, na mimi nikaambiwa niweke kile kitenge chini polepole, nirudi nyuma. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakiona: chuma kirefu kimefichwa kwenye nguo, na sanduku zito la kijani. Nilikuwa nimeondoka nyumbani nikiwaza bei tu, na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mtu ambaye kidole chake kilikuwa tayari.

Alikuja mkubwa wake, mtu mzima mwenye masharubu. Alifungua kitenge kwa ncha ya kiatu, akatazama, akafungua na sanduku. Akachukua kamera moja na kuigeuzageuza.

"Muache hawa," akasema. "Mama yangu alipigiwaga foto na kitu kama hii." Kisha akanirudishia kamera, akavaa kofia vizuri, akasimama ziwa likiwa nyuma yake. "Nipige."

"Chef, haina filimu."

"Weye piga tu."

Nikabonyeza. Ikasema klak. Akaridhika kabisa.

"Utaniletea wakati utarudia."

"Sawa, chef."

Bahati aliendesha bila kugeuka mpaka tulipoingia mjini. Aliposhusha sanduku aliniambia taratibu, kama anayemsihi dada yake mkubwa, "Yaya, siku ingine uniite nikubebee mihogo."

Uvira

Nilifikia kwa shangazi yangu Zawadi, dada wa baba. Nilikuwa sijafika kwake tangu msiba. Ile nyumba yake niliyoijua ilikuwa na ua na migomba mbele. Safari hii ua haupo. Ziwa limepanda hadi kwenye ngazi za mlango wa mbele, na chumba cha wageni, ambacho nililala nikiwa msichana, kina maji sakafuni na ndagala, dagaa wa ziwa, wanaogelea chini ya dirisha. Shangazi anaishi katika vyumba viwili vya nyuma na anaingilia jikoni. Nilisimama nikiangalia ule mlango, nikashindwa hata kusalimu.

"Usishangae namna hiyo," aliniambia. "Minye nilishashangaa, nikachoka. Kuya ukule."

Alinipikia samaki wa mikeke wabichi kwa nyanya na bugali wa muhogo. Tulikula tukisikia maji yakipiga ukuta wa upande wa pili. Nilimweleza nimekuja kuuza vitu vya marehemu. Alinisogezea kichwa cha samaki, akasema niuze, ila nisimwambie ni nani amenunua, maana atakuwa anamtazama vibaya kanisani.

Kesho yake nilikwenda kwa Jospin, kijana mwenye studio ya picha karibu na soko. Alijifunza kushika kamera kwa baba yangu. Leo ana kompyuta, mashine ya kuchapa, na taa kama mwavuli. Alipokea kamera kwa mikono miwili, akaipuliza vumbi, akaniambia ukweli bila kuzunguka.

"Yaya Faida, filimu hazipatikani. Dawa ya kusafishia haipatikani. Hata ungekuja na mpya kutoka dukani, hakuna muntu atapigia nayo."

"Kwa hiyo haina kazi."

"Iko na kazi moja." Akanionyesha pembeni ya studio, mahali alipopanga kiti cha zamani, simu ya waya na maua ya plastiki. "Maharusi wanapendaka kushika kitu ya zamani, halafu minye ninawapiga. Ningeweka hapa. Lakini sitakudanganya, siwezi kulipa kama apareyi. Nitalipa kama maua."

Nilitazama ile kona. Bibi harusi ataikumbatia kamera ya baba yangu na kujifanya anapiga picha, na kamera ya kweli itakuwa mikononi mwa mwingine. Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Jospin aliona, akaona haya. Ndipo aliponiambia kwamba huko bonde la Ruzizi, kijiji cha Nyakabere mbele ya Runingu, yupo mtu anayenunua kamera za zamani kwa bei nzuri sana. Yeye mwenyewe hajawahi kumwona. Amesikia tu.

"Ananunua za nini?"

"Labda iko na wazungu wake wanaokusanya," Jospin alisema. Na mimi, kwa sababu nilitaka iwe hivyo, nikaamini.

Kwenye mto wa Runingu

Nilipata nafasi kwenye lori la wafanyabiashara wa nyanya. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na tulipofika mtoni maji yalikuwa mekundu, yanabingirisha mawe makubwa. Unayasikia yakigongana chini. Dereva alizima gari, akashuka, akalala kwenye nyasi. Alisema mto utashuka utakapotaka.

Tulikaa. Wanawake waliwasha moto, wakachoma mahindi. Karibu nami alikaa Mama Nabintu, mwenye beseni la nyanya, mwanamke mnene mwenye maneno laini. Aliniuliza ninakwenda wapi na sanduku lile. Nikamwambia nina vifaa vya zamani vya picha vya marehemu baba, namtafuta mtu anayevinunua. Akageuka kuwaangalia wenzake. Wakaacha kuongea.

Baada ya muda alinisogelea. "Mama, iko na ile kitu ya kung'aa ndani?"

Nilidhani anauliza flashi.

"Iko," nikamjibu. "Lakini siku hizi inawaka kidogo."

"Inawaka yenyewe?"

"Ukiipa muda ijae, inawaka. Ukiitazama karibu inaumiza macho."

Aliondoa beseni lake la nyanya pembeni yangu na kulisogeza mbali. Wengine nao walisogea. Nilibaki na nafasi kubwa peke yangu, sanduku langu na hindi langu. Maskini mimi, nikafikiri wamenipa heshima kwa sababu ya msiba. Maji yalipopungua kidogo, mwanamume mmoja kati ya wasafiri akavua viatu, akapandisha suruali, akavuka mto kwa miguu akishikilia fimbo, maji yakimfika kiunoni. Nilishangaa ana haraka gani. Sikujua kwamba haraka yake ilikuwa mimi.

Maji yaliposhuka tukavuka na lori, na mpaka tunafika Nyakabere hakuna aliyeniuliza tena kitu.

Nyakabere

Walikuwa wananingoja. Nilishuka kwenye lori nikakuta watu wamesimama kando ya barabara, na wawili wakabeba sanduku kabla sijafungua mdomo. Walinipeleka hadi kwenye boma la Kashindi, mnunuzi mwenyewe, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya adabu. Alinipa kiti, akaniagizia fanta. Mke wake, Mama Esta, alinisalimu akiwa kwenye mlango wa jikoni, mikono imekunjwa, asitabasamu.

Nilipokuwa nakunywa ndipo nilipoona kilichokuwa nyuma ya ghala la mpunga. Kulikuwa na rundo la vitu. Redio zimepasuliwa. Televisheni imetobolewa. Kamera nyingi, zimefunguliwa kama samaki wanaotolewa matumbo. Na vichwa vya cherehani, zile nyeusi za zamani zenye maua ya dhahabu, zimekatwa katikati kwa msumeno. Mimi ni fundi wa kushona. Ningekuta maiti pale pengine nisingeshtuka zaidi.

"Hizi cherehani zilifanya nini?" niliuliza.

Kashindi alisema kwa upole, "Mama, tutafungua kwanza. Halafu tutaongea bei."

Nilidhani anasema kufungua sanduku. "Fungueni tu," nikasema.

Mdogo wake, Mugaza, alifungua sanduku, akachukua flashi kwanza, akaiweka juu ya jiwe na kuipiga nyundo. Nilibaki na chupa mkononi. Alichambua vipande kwa kidole, akatikisa kichwa, akachukua mashine ya kukuzia picha. Pigo moja na kile kioo kinene kilipasuka, kikaruka hadi miguuni pangu. Kisha kamera ya kwanza. Niliinuka.

"Munafanya nini?"

"Tunatafuta merkiri," alisema Kashindi, kama mtu anayeeleza kitu kinachojulikana na wote. "Iko ndani ya bintu bya zamani. Jiwe ndogo nyekundu. Inang'aa. Weye mwenyewe ulisema iko, inawaka, inaumiza macho."

Yule mwanamume aliyevuka mto kwa miguu alikuwa amesimama pale, suruali bado ina matope. Akaitikia kwa kichwa. Ndipo yote yakaniingia kwa mara moja, toka mahindi hadi fanta.

Nilieleza. Nilisema nilikuwa naongelea taa, taa ya picha tu. Walinisikiliza mpaka mwisho, halafu Mugaza akafunga mlango wa boma kwa mti.

"Uliitosha, uliiondoa njiani," alisema. "Ao uliiuzisha Uvira. Sema iko wapi, utaenda."

"Hakuna kitu nilitosha."

"Mbele ya batu yote ulisema iko."

Walikuwa wanaume saba au wanane, na hakuna aliyekuwa na hasira usoni. Hilo ndilo lililonitisha. Walikuwa na uso wa watu waliongoja kitu kwa muda mrefu na sasa wanaambiwa kimeibwa. Mugaza alinyoosha mkono kuchukua kamera ya pili, ile nzuri, aliyoivaa baba shingoni katika kila kumbukumbu niliyo nayo juu yake. Nikaiwahi. Nikaikumbatia.

"Hii nitaifungua minye," nilisema.

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Katika mkoba wangu nilikuwa na bisibisi ndogo ya cherehani. Nilitandika kitenge chini, nikapiga magoti, nikawaambia wakae wote wazunguke ili kila mmoja aone. Nikaanza. Skrubu za chini. Mfuniko wa nyuma. Lenzi, na vioo vya ndani ya lenzi, kimoja kimoja; kila kimoja nilikiinua juu, nikakielekeza kwenye mwanga, nikampitishia mtu wa karibu akishike naye. Springi. Gurudumu la kuvutia filimu. Kile kitambaa chembamba cheusi kinachofunguka na kufunga. Vipande vingi sikujua majina yake. Mikono ilitulia kama inavyotulia nikiwa kazini, na sikuwa nawaza kingine ila nisipoteze hata skrubu moja. Nilifikiri kuhusu baba, jinsi alivyokuwa akiipangusa kila Jumamosi bila kumruhusu mtu kuigusa. Nilikuwa naivunja mimi, binti yake, kwa mkono wangu mwenyewe, na nilifanya taratibu.

Ilipobaki ganda tupu nilimpa Kashindi. Aliingiza kidole ndani, akazungusha. Akaligeuza, akalitikisa. Hakikudondoka kitu.

"Na zile zingine?" aliuliza. Alikuwa anaangalia rundo nyuma ya ghala.

"Papa, nadhani ni hivi hivi."

"Zote?"

"Zote."

Alikaa chini, pale pale kwenye mavumbi, na suruali yake safi. Mugaza alianza kusema tena kwamba nimeficha, lakini Kashindi akamwambia, "Nyamaza," na mdogo wake akanyamaza. Wanaume wakaondoka mmoja mmoja, bila kuaga. Aliyekuwa wa mwisho aliuondoa ule mti mlangoni na kuuegemeza ukutani vizuri.

Ni Mama Esta aliyeniambia mengine, akinipakulia maharage na wali jikoni. Alikuja mgeni na gari, akawaonyesha kwenye simu video ya merkiri ikitolewa ndani ya cherehani, akasema atarudi kununua jiwe kwa pesa nyingi likipatikana. Kashindi aliuza ng'ombe. Akauza shamba la mpunga la kando ya maji. Namba ya mgeni siku hizi haiiti. "Nilimwambia tangu cherehani ya kwanza," alisema. "Ile ilikuwa yangu."

Nilikaa na tonge mkononi. Nilikuwa nimekuja na msiba wangu nikidhani ndio mkubwa.

Nilipotaka kufunga sanduku, Mama Esta aligusa mabeseni ya baba. Akauliza kama nayauza. Akauliza na sanduku lenyewe, kwa sababu panya wanakula mpunga wake. Tulipatana pale jikoni, wanawake wawili, haraka, bila kubishana: alinijazia mfuko wa mchele mpya. Basi mnaouliza niliuza nini, niliuza hicho.

Kutoka Nyakabere

Njia ya kurudi sina mengi ya kusema. Mto ulikuwa umetulia. Kwenye kizuizi nilikuta askari wengine. Shangazi alipika ule mchele, akausifu, na kama alivyosema hakuniuliza ni nani. Stendi, niliyokuwa nimeiacha kwake, mnaiona hapa karakanani, nimeitundikia nguo za wateja. Vipande vya kamera viko kwenye kitenge kile kile, na sijakifungua.

Lakini lipo jambo moja la mwanzo wa njia, na hilo ndilo linalonifanya ninyamaze katikati ya kushona, mkadhani ninaumwa.

Kashindi alinisindikiza hadi barabarani, mfuko wa mchele juu ya baiskeli yake. Tulipofika, pikipiki ilisimama upande wa pili na akashuka mwanamume mmoja, mgeni, anatoka milimani kwa jinsi alivyovaa koti zito. Alikuwa na begi amelikumbatia kifuani.

"Samahani," akasema, "nyumba ya Kashindi, ule ananunuaka apareyi za zamani, iko wapi?"

Kashindi aliegemeza baiskeli. "Kashindi ni minye."

Uso wa mgeni ukafunguka. Akatoa kamera ndogo, imeviringishwa kwenye shali ya mtoto. "Ilikuwa ya baba yangu," alisema. "Nimetoka nayo mbali."

"Rudia nayo nyumbani. Haina kitu ndani. Zote hazina kitu."

Mgeni aliniangalia mimi, akaangalia mfuko wa mchele, akaangalia kitenge changu kilichofungwa. Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayejua soko.

"Nimeelewa, papa," alisema. "Basi nitakushushia bei."

"Muntu wa Mungu, ninakuambia ukweli. Nilidanganywa. Sinunui tena."

"Nitakushushia tena kidogo."

Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo, na mwenye pikipiki aliyemleta akapiga honi, akaanza kufunga mchele wangu. Nikapanda. Tulipoondoka niligeuka. Kashindi alikuwa anasukuma baiskeli kurudi kijijini, kichwa chini, na yule mtu alikuwa nyuma yake, kamera ya baba yake mkononi, anamfuata na kumshushia bei.